Ndimu na Jiwe



Dada mmoja anayefanya kazi ya nyumbani hapa Lubumbashi alikatwa mshahara. Kosa lake? Alisafisha meza ya marumaru ya jikoni kwa ndimu. Javel aliiacha kwa sababu inachoma mikono, na maji yake yanamwagwa mferejini. Ndimu ni tunda, aliwaza, haiwezi kuharibu. Lakini palibaki alama zisizong'aa, na kadiri alivyosugua hazikutoka.

Je, alitenda vibaya?

Tulitazame jiwe kwanza. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na uzito chini ya ardhi. Ukali wa ndimu au wa siki hula chokaa. Kwa hiyo alama ile si uchafu, ni kidonda. Graniti huvumilia zaidi. Marumaru yataka maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kitambaa laini, kisha kukaushwa.

Basi nia njema peke yake haitoshi. Kutunza kitu ni kukijua kwanza.

Lakini nani alipaswa kujua? Aliyenunua jiwe ndiye aliyepaswa kuuliza linavyotunzwa, kisha kumfundisha anayelisafisha. Kama hakumfundisha, anamtoza deni lisilo lake.

Fundi anaweza kusugua marumaru yakang'aa tena. Chakula cha watoto kilichokatwa mwezi ule, nani atakirudisha? Sisi tulio na wafanyakazi, tujibu.