Mmoja kati ya Ishirini na Mmoja

Kidonge ninachotaka kukizungumzia ni kidogo kuliko punje ya hindi. Nakimeza kila asubuhi baada ya uji, na tangu nianze, Januari 2024, hakijapata kunifanyia jambo lolote ninaloweza kuapa kwamba nimelihisi, isipokuwa labda kwenda haja ndogo mara moja zaidi kwa siku. Hakiniumizi, hakinipi nguvu. Kinakula karibu robo ya pensheni yangu. Swali langu ni hili: mzee wa miaka 74, mwenye wajukuu wanaosoma, ana haki ya kuendelea kununua kitu cha namna hiyo?

Nianze nyuma kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2021 nilishindwa kutembea kutoka ufukweni Shangani hadi nyumbani bila kusimama mara tatu kutafuta pumzi. Usiku nililala kwa mito mitatu, kisha minne, mwisho nikawa nalala nimekaa kitini kama mlinzi wa zamu. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mahali fulani niliambiwa ni pumu, nikavuta dawa ya pumu kwa miezi miwili. Majirani nao walikuwa na majibu yao, mengine ya presha na mengine ya majini, na sikuwalaumu, maana hata mimi mwenyewe sikuwa na jibu bora.

Binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam ndiye aliyenichukua kwa basi hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Taasisi hiyo ilianza mwaka 2015. Kabla ya hapo Mtanzania mwenye shida kubwa ya moyo aghalabu alipelekwa India, na asiyekuwa na wa kumpeleka alibaki na mito yake minne. Nilifanyiwa kipimo cha eko, yaani ile mashine inayotazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Daktari alinigeuzia kioo nione. Nikaona kitu kikubwa, kizito, kikijitikisa kwa uvivu mfano wa mtoto aliyeamshwa kwenda shule siku ya mvua. Msuli wa moyo wangu ulikuwa umetanuka na kulegea kama lastiki iliyovutwa mno. Katika kila sehemu 100 za damu iliyojaa chumba cha kushoto, moyo mzima husukuma nje kama 55 hadi 70 kwa pigo moja. Wangu ulisukuma 28. Chanzo hakikupatikana. Mishipa ilikuwa safi, wala sikuwa na presha ya kupanda, na pombe sijapata kuinywa.

Dawa za kwanza zilikuwa na heshima ya kujionyesha. Kidonge cha kutoa maji mwilini kilinipunguza kilo 7 katika juma moja. Nikaona tena vifundo vya miguu yangu, nikavisalimu. Dawa kama hiyo haimhitaji mtu kuwa na imani, macho yanatosha. Lakini hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijalieleza hadharani hadi leo. Mwaka 2022, nilipojiona mzima, niliziacha dawa zote kwa wiki tano. Mke wangu aliponiuliza kila asubuhi, nilimjibu, "Nimekwisha meza." Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo mdogo kuliko huo! Tukaenda harusini, nikala samaki wa ng'onda mwenye chumvi ya kutosha nyumba nzima, na usiku wa tatu nilibebwa kwenda hospitali nikikoroma kama mtu anayezama. Mke wangu hakunigombeza. Alikusanya vidonge nilivyovificha mfukoni mwa koti, akavihesabu mbele yangu, akaviweka mezani.

Kwa hiyo daktari aliponiandikia dawa mpya, mwanzoni mwa 2024, nilikuwa mgonjwa mwenye rekodi mbaya. Inaitwa dapagliflozini. Kadi yangu ya bima, ambayo imenilipia mengi, hiyo haikuilipia, ikabidi tuinunue. Nikamwuliza daktari, kijana wa rika la mjukuu wangu wa kwanza, nitajisikiaje nikiitumia. Akasema, "Mwalimu, sikuahidi kwamba utajisikia vizuri. Ninachoweza kukupa ni hesabu." Akageuza fomu, akaandika nyuma yake.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 4,744 wenye moyo uliolegea, kutoka nchi 20. Nusu walipewa dawa hii, nusu walipewa kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani yake hamna dawa, na wote waliendelea na dawa zao za zamani. Mgonjwa hakujua amepewa kipi, wala daktari wake hakujua. Wakafuatiliwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kati ya kila 100 waliomeza kidonge kitupu, takriban 21 walifariki kwa ajili ya moyo, au moyo ulizidiwa wakahitaji matibabu ya haraka. Kati ya kila 100 waliomeza dawa, ni 16.

Nilipofika nyumbani nilichukua daftari, maana hesabu za watu huwa sizikubali mpaka nizirudie. Katika hao 100, watu 79 wangekuwa salama hata kwa kidonge kitupu. Watu 16 dawa haikuwanusuru. Wanabaki 5. Daktari aliniambia kuwa kwa hesabu kamili ni mtu mmoja kati ya kila 21 wanaomeza, ndiye anayeepushwa na balaa kwa muda ule. Wale 20 wengine wamenunua, wamemeza, na mwisho wao umekuwa uleule ambao ungekuwa bila dawa. Na jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba huyo mmoja hajijui. Naye kila asubuhi anaamka kama wenzake, anakunywa uji, anadhani ni siku ya kawaida.

Niseme pia kwamba dawa hii haikutafutwa kwa ajili ya moyo. Babu yake ni florizini, iliyopatikana mwaka 1835 huko Ulaya katika gome la mizizi ya mti wa tufaha. Ikaja kugundulika kuwa hulazimisha figo kuitoa sukari kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo ilitengenezwa kwa wagonjwa wa kisukari, ndipo ikaonekana kwamba mioyo yao inafaidika, na baadaye hata mioyo ya wasio na kisukari. Ni kwa nini hasa, wataalamu bado wanajadiliana. Shemeji yangu, ambaye ni mjuzi wa miti shamba, nilipomsimulia alicheka hadi machozi. "Kumbe na ninyi wasomi mnakunywa mizizi msiyojua inavyofanya kazi!" Sikuwa na la kumjibu.

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, wilayani Kilwa, mzigo wa dawa aliokuwa ananitumia binti yangu ulikwama. Nyingine nilikuwa nazo. Hiyo mpya iliniishia. Nilikaa siku 11 bila kuimeza. Nilijisikiliza usiku na mchana kama mtu anayetega sikio mlangoni. Sikuhisi tofauti yoyote. Siku ya kumi na mbili barabara ilikuwa imekwisha funguka na dawa ikafika, nami nikaiweka juu ya kabati, nikaitazama. Mjukuu wangu aliyekuwa kidato cha tano alikuwa anasubiri nauli ya kurudi shuleni, na viatu vyake nilikuwa nimeviona.

Nikamwambia mke wangu: fedha hii tunaitupa. Akanijibu bila kuacha kuchambua mchele, "Mwalimu, umewafundisha watoto wa watu miaka yote waamini hesabu. Leo hesabu imekuja nyumbani kwako, unataka kuamini kifua."

Maneno hayo yalinirudisha mbali. Nilimaliza Chuo cha Ualimu hapa Mtwara mwaka 1972, nikafundisha miaka 38, mingi kati ya hiyo katika vijiji vya bondeni kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, ambako mtoto akichelewa shule kwa sababu ya kiboko njiani, husemi anatoa visingizio. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani ifikapo 1977, nilipata kuwa na watoto zaidi ya 60 katika chumba kimoja. Je, niliwafikia wangapi? Sijui. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai karibu na kivuko cha Kilambo, mtu mzima mwenye mvi akaja akanishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo Mwalimu." Akalipa chai yangu na chapati. Akasema siku moja alifukuzwa darasani kwa kukosa daftari, nami nikamfuata nje, nikamchania kurasa za katikati za daftari langu la maandalio, na kwamba asingerudi tena shule kama si hizo kurasa. Nilitikisa kichwa kama ninayekumbuka. Ukweli ni kwamba sikukumbuka kurasa, wala uso, wala jina. Wale niliowashughulikia kwa bidii, niliokesha nikiwapangia maisha yao, wengi walipotelea ng'ambo ya mto au kwenye mashamba ya korosho. Na wapo niliowaumiza kwa fimbo. Hao hawajanilipia chai.

Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa ya mmoja kati ya ishirini na mmoja, nami sikupata kudai nioneshwe huyo mmoja ndipo niingie darasani. Nilifurahi nilipofikia wazo hilo. Nilidhani nimemaliza mjadala.

Lakini mwalimu wa zamani huwa hakosi kujisahihisha. Mfano huo una pengo. Darasani, aliyetoa alikuwa mimi na aliyefaidika alikuwa mwingine. Hapa anayefaidika, kama yupo, ni mimi, na anayetoa ni mtoto mwenye viatu vilivyochanika. Hakuulizwa. Nikaona haki ni kumwuliza. Nikamwita barazani, nikamweleza yote, 79 na 16 na 5, nikamwonyesha na bei. Kijana alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akatazama chini, kisha akasema, "Babu, unaniuliza, au unanitwisha?"

Sijapata kuaibishwa namna ile na mwanafunzi. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechukua woga wangu nikaufunga vizuri kwa takwimu, nikampa mtoto wa miaka 17 aubebe: akisema nunua, nimepata ruhusa, akisema acha, nife kwa idhini yake. Nilimwomba radhi. Nauli tuliipata kwa kuuza mbuzi, na viatu pia.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kama mimi ndiye yule mmoja, ila kuna jambo jingine linalonishughulisha. Katika ule utafiti watu 2,371 walimeza kidonge kitupu, wakijua kwamba huenda ni kitupu. Wako waliofariki hali wanakimeza. Hesabu yangu imetoka kwao. Nimesoma orodha ya zile nchi 20: Japani imo, India imo, Brazili imo, Vietnamu imo. Ya Afrika hamna hata moja. Nikakumbuka benchi la kliniki, ambapo aghalabu mzee wa kupindukia ni mimi. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusu wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Wale wa utafiti wa dawa wastani wao ulikuwa 66. Karibu nami siku moja alikaa mama kijana kutoka vijiji vya Msimbati, mtoto mgongoni, ambaye moyo wake ulilegea baada ya kujifungua. Anatumia zile dawa za zamani zilizo rahisi, naye alinipisha nikae penye kivuli kwa kuwa mimi ni mzee. Je, ile moja kati ya 21 inamhusu? Inanihusu mimi? Tumeiazima kwa watu wengine, kama tulivyowahi kuazima vitabu vya kusoma vyenye picha za theluji.

Basi nimefanya jambo dogo, la kimwalimu. Nimechora daftari kama lile la mahudhurio. Kila asubuhi naandika uzito wangu, idadi ya mito niliyolalia, na kama nimemeza au sikumeza. Mke wangu hukagua safu ya mwisho, kwa sababu anazozijua. Kila ninapokwenda kliniki namwachia daktari nakala. Najua vyema kwamba daftari la mtu mmoja halithibitishi kitu; ningemnyima alama mwanafunzi aliyeniletea ushahidi wa namna hiyo. Daktari naye anajua, ila hulipokea na kuliweka kwenye faili. Mwezi uliopita aliniuliza kama naweza kumchorea jingine, kwa ajili ya yule mama wa Msimbati, ambaye anajua kusoma lakini hajui aanzie wapi. Nimelichora jana, kwa rula, safu saba. Leo asubuhi: kilo 61 na nusu, mito miwili, nimemeza.