Legeza Kamba, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nimeiona miembe mitatu ya kubebesha uliyoipanda masika haya. Mashimo umechimba vizuri, na kiungo, pale palipobebeshwa, umekiacha juu ya udongo, ndivyo inavyotakiwa. Ila kamba! Umeifunga miche kama mizigo ya kuni.

Najua unaiogopa kusi. Nami niliiogopa. Mwembe wangu wa kwanza niliufunga kwa uzi wa nailoni kwenye ufito mnene, nikausahau miaka mitatu. Siku nilipokwenda kuukata uzi sikuuona, gome lilishaumeza. Juu yake shina limevimba, chini jembamba. Kusi ilipovuma, mwembe ulikatika palepale penye uzi. Bado unaniuma.

Mche unahitaji kuyumba. Shina likiyumbayumba ndipo linaponenepa chini, na mizizi kwenda kujishikiza mbali. Kinachotakiwa kutulia ni donge la mizizi, vijizizi vipya visikatike. Basi simika fito mbili, huku na huku, nje ya donge. Funga chini, kwenye theluthi ya urefu, si juu penye majani. Tumia kipande cha kanga kuukuu au tyubu ya baiskeli, ukizungushe kama namba 8, kipishane katikati ili shina lisisuguane na ufito. Kidole chako kipite bila kulazimisha. Kagua kila mwezi. Masika yajayo shika shina, utikise; udongo wa chini usipofunguka, ng'oa fito zote, hata moyo ukisita.

Ile plastiki ya mbebeshaji bado imebaki kwenye mche mmoja, itoe. Chipukizi likitokea chini ya kiungo, livunje lingali laini, maana hilo si la embe ulilolinunua.

Kiangazi, debe moja taratibu mara mbili kwa wiki linafaa kuliko kikombe kila jioni. Maji ya juujuu huiita mizizi juu. Majani makavu tandaza, ila yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja, mchwa wasipate daraja. Maua ya miaka miwili ya mwanzo yakate yote, mti ujijenge kwanza.

Kesho alfajiri nitakuja na kisu na vipande vya kanga ya bibi yako. Tutaanza na ule wa karibu na banda la mbuzi, ndio uliobanwa zaidi.