Mchele wa Goma, Insha za Kakamega

Kila asubuhi, kabla sijawasha laptopu, nasali rozari, matendo yote matano. Rozari yenyewe ni ya mbao, niliachiwa na nyanya yangu, na mpaka leo inanuka moshi wa jikoni kwake. Nikimaliza nafanya ishara ya msalaba, nachemsha chai, halafu naketi kuandika uongo.

Ngoja nieleze. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nikarudi Kakamega, nikapanga chumba Amalemba, nikaingia kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wenye laptopu na bando wanaijua: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Yeye analipa, mimi naandika, jina linakuwa lake. Mimi niliyekosa shahada nimewasaidia wenzangu kupata zao. Majirani wakiuliza, nasema mimi ni mwandishi. Si uongo, ila si ukweli pia.

Sasa, sala ya mtu kama mimi inakwenda wapi?

Rafiki yangu husema Mungu haangalii laptopu, anaangalia moyo. Natamani mambo yawe rahisi hivyo. Lakini Biblia ina mtu anaitwa Amosi, mchungaji wa Tekoa, na katika sura ya nane anawataja wafanyabiashara wanaoishika siku takatifu huku wakihesabu saa. Wanangoja sikukuu iishe wafungue maghala, wapunguze vipimo, wauze mpaka makapi ya ngano. Hawa si watu waliomkana Mungu. Ni watu wa ibada. Nilisoma sura hiyo Jumapili moja nikitoka Misa, nikaona aibu. Wakati wa mahubiri nilikuwa nahesabu saa zilizobaki kabla ya makataa ya saa kumi.

Nikawaendea watakatifu. Ukutani kwa nyanya kulikuwa na picha ya Mtakatifu Kizito, kijana wa miaka 14 hivi aliyechomwa moto Namugongo, Juni 3, 1886. Kila mwaka watu wa huku magharibi huvuka mpaka kwenda kuhiji kule Uganda. Nampenda Kizito, lakini mimi hakuna mfalme anayenidai niikane imani. Ninachodaiwa ni maneno elfu mbili kabla kupambazuke.

Kisha nikasoma habari za Floribert Bwana Chui, nikakosa pa kujificha. Huyu alizaliwa Goma mwaka wa 1981, akasomea sheria, akaajiriwa na shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa. Baada ya kazi, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliwashughulikia watoto wa mitaani wapate kusoma. Mpakani wakamletea hongo apitishe mchele ulioharibika. Akakataa. Mnamo Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Juni 15, 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, shahidi wa imani.

Angalia hapo. Hakuna aliyemwambia akanyage msalaba. Waliomba tu sahihi yake kwenye karatasi. Na Kanisa likasema kukataa kule, pale ofisini, kulikuwa imani.

Nilijitetea, bila shaka. Mchele mbovu unaua, insha haiui mtu. Tena kodi ya nyumba haingoji, na ndugu yangu mdogo yuko shule ya upili. Utetezi huo ulinitosha miezi kadhaa, mpaka nikapokea oda ya mwanafunzi wa uuguzi. Mada ilikuwa namna ya kukokotoa kipimo cha dawa kwa mtoto kulingana na uzito wake. Niliiandika vizuri. Alifurahi, akaniongezea pesa kidogo. Usiku ule sikulala. Mahali fulani kuna mtoto atakayedungwa sindano na mtu ambaye hesabu yake niliifanya mimi, hapa Amalemba, nikinywa chai. Huo ndio mchele wangu, na niliupitisha.

Nilikwenda kuungama. Padri hakunikaripia. Aliuliza tu, "Na kesho?"

Zakayo aliposhuka mtini aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi nitamrudishia nani? Mgonjwa simjui. Kinachobaki mikononi mwangu ni hiyo kesho.

Nilikuwa nikidhani sala ya mwenye dhambi ni unafiki, afadhali angenyamaza hadi atakapojisafisha. Siku hizi sidhani hivyo. Ningeiacha rozari, hii ingekuwa kazi tu, kama kazi nyingine. Ni ile nusu saa ya asubuhi inayonikatalia nisiizoee. Hainipi amani, na nimeacha kuidai inipe.

Sijatakata. Oda za uuguzi nimekataa kabisa tangu wakati huo, na nimeanza kutafuta kazi zitakazobeba jina langu mwenyewe, kama hii unayoisoma. Mwezi uliopita nililipa kodi kwa kuchelewa, mwenye nyumba akaninunia. Bado nina wateja wawili wa zamani. Mmoja ameniandikia jana usiku, anataka insha kufikia Ijumaa, na pesa ni nzuri. Sijamjibu. Nitasali kwanza, nikijua vizuri kwamba nikimaliza, swali la padri litakuwa palepale.