Fedha ya Shule ni ya Nani?

Fedha ikitoka Hazina ya Serikali ikafika shuleni, je, ni mali ya nani? Wengine hujibu upesi kwamba ni mali ya Serikali, kwa kuwa ndiyo iliyoitoa. Wengine husema ni mali ya shule, kwa kuwa imeandikwa katika akaunti yake. Wako tena wasemao kwamba ni mali ya wananchi wote, maana Serikali haina shamba wala zizi lake yenyewe, bali hutoa kile ilichokusanya kwetu. Majibu haya matatu yana kweli ndani yake. Lakini hakuna hata moja limtoshalo mwalimu mkuu siku ile apokeapo barua ya kumwagiza aiondoe fedha hiyo na kuipeleka mahali pengine. Na neno hili si la kubuni. Lilitokea huku kwetu, ng'ambo ya lango la Loduare, na twataka kulitazama kwa utulivu pamoja nanyi, ndugu wasomaji, hasa ninyi mlio wajumbe wa kamati za shule.

Kwanza tuangalie jinsi fedha yenyewe ijavyo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza mpango wa kuipa kila shule ruzuku kwa hesabu ya watoto wake. Mwanzo hesabu ilikuwa dola 10 za Marekani kwa mtoto mmoja kwa mwaka, yaani karibu shilingi 10,000. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaleta elimu bila malipo tangu darasa la awali hata kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Katika mpango ule wa 2016 hesabu ya mtoto wa shule ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, ingawa shilingi yenyewe ilikwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake mbele ya dola: shilingi 6,000 za kwenda shuleni, na shilingi 4,000 za kubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo shule yenye watoto 400 hupata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani shilingi 200,000 kwa mwezi, za chaki, na karatasi za mitihani, na kufuli la mlango, na mpira wa watoto. Anayedhani kuwa ni fedha nyingi, na aende mjini Karatu aulize bei ya mabati.

Zamani ruzuku hii ilipitia mikononi mwa halmashauri za wilaya, nayo ilikawia njiani, na mara nyingine ilifika imekonda kama ndama wa kiangazi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2016, Hazina ikaanza kuipeleka moja kwa moja katika akaunti ya kila shule. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wakapewa kuitunza, tena waandike mapato na matumizi na kuyabandika ubaoni, watu wote wasome. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Serikali ilifanya vema kulisikia neno lao.

Basi tazameni lililofichwa ndani ya utaratibu huu. Fedha huhesabiwa kwa vichwa. Haihesabiwi kwa vyumba, wala kwa ekari, wala kwa ukubwa wa mkutano wa mbunge. Mtoto akiandikwa darasani, huja fedha yake; asipoandikwa, haiji. Aliye asili ya fedha hii ni yule mdogo aketiye juu ya dawati, asiyeweza kutia sahihi wala kwenda benki. Wakubwa wote wanaoishika kabla haijamfikia wanaishika kwa ajili yake.

Jambo hili twaliona pia katika habari za kale za shule zetu. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni. Wako wazee waliobeba mawe na kufyatua matofali ya shule zile, na bila shaka wengine waliumia moyoni walipoona kibao kinabadilishwa mlangoni. Lakini kengele ilipolia asubuhi, watoto wale wale waliingia, wakaketi mahali pale pale, wakafundishwa hesabu zile zile. Mwenye jengo alibadilika, na aliyejengewa hakubadilika. Ndiyo sababu shule iliweza kupita toka mkono hata mkono bila kuharibika.

Sasa tuje Ngorongoro. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, nao ulifika karibu shilingi trilioni 1.3. Katika fedha hiyo yalipangwa madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari, na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazomwokoa mtoto na mwendo mrefu. Ilikuwa kazi kubwa, na hatutaki kuidharau. Shule za tarafa ya Ngorongoro, iliyo ndani ya hifadhi, nazo zilitengewa sehemu. Ndipo tarehe 31 Machi 2022 ikatoka barua katika halmashauri ya wilaya ya Ngorongoro, ikiagiza kwamba shilingi milioni 195.5 za shule za tarafa ile zihamishiwe katika halmashauri ya wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Huko Handeni ndiko kiliko kijiji cha Msomera, ambako Serikali ilikuwa ikiwajengea nyumba wale watakaohama kutoka hifadhini. Kundi la kwanza la wahamaji liliondoka Ngorongoro mwezi Juni mwaka ule. Yaani barua ya kuihamisha fedha iliwatangulia kwa zaidi ya miezi miwili.

Yatupasa kuwa watu wa haki, tuwape nafasi wanaoitetea barua hiyo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, yenye kilomita za mraba 8,292, wakazi wake walikuwa kama 8,000; na kwa hesabu ya Serikali walikuwa wamepita 100,000 wakati mpango wa kuhama ulipoanza. Malisho hayakuongezeka, na wanyama pori ndio wanaowaleta wageni na fedha zao. Mtunzaji mwenye busara, husema hao, hajengi choo mahali ambapo watu wanapaacha. Hukijenga kule waendako, ili wakifika wakikute. Hoja hii si ya kipumbavu. Kama mtu anahama, nani atamwezekea nyumba anayoiacha?

Lakini hoja hiyo yategemea neno moja, nalo ni kwamba watu wanahama. Serikali yenyewe ilisema mara nyingi kwamba kuhama huku ni kwa hiari. Aliyekubali aliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu juu ya kiwanja cha ekari 2.5, na shamba la ekari 5, tena na fedha mkononi, asiyekubali hakulazimishwa. Tukilipokea neno hilo kama lilivyosemwa, basi siku ile ya barua hakuna aliyejua ni watoto wangapi watakwenda na wangapi watabaki, kwa kuwa wazazi wao hawajachagua bado. Fedha ilichaguliwa njia kabla ya wenyewe kuchagua.

Na hapa ndipo penye uzito. Hiari si kukosa kamba mikononi tu. Mtu akimwambia jirani yake, "Waweza kukaa au kwenda, shauri lako," kisha akaziba kisima cha pale anapokaa, je, bado ni shauri la jirani? Mzazi anayeona shule ya mwanawe haitengenezwi, na kusikia kwamba fedha yake imekwenda Msomera, ataanza kufungasha, na ukimwuliza atakuambia kwamba amependa mwenyewe. Ataandikwa katika orodha ya waliokubali, na hakuna atakayedanganya kwa kumwandika hivyo. Lakini kisima kilizibwa. Kwa hiyo twasema ya kuwa, mahali ambapo kuhama ni kwa hiari, shule ndiyo kitu cha mwisho kuondolewa. Iwe pale mpaka mtoto wa mwisho ameiaga, ndipo fedha yake imfuate kwa haki alikokwenda. Na Msomera nako wapo watoto, na wao wanastahili shule. Lakini fedha yao itafutwe kwa hesabu yao, isitolewe katika sahani ya mwenzao ambaye hajamaliza kula.

Sisi wa upande wa Karatu huenda tusiyahisi haya upesi. Huku kwetu darasa likipungua, wazazi wa kijiji hukutana, hutoa mchanga na mawe na siku za kazi, huinua kuta hata kwenye lenta, kisha huiomba halmashauri kuezeka. Mara nyingine halmashauri hukawia, na kuta hunyeshewa miaka miwili au mitatu, lakini angalau mkulima wa kahawa au wa vitunguu ana mahali pa kuanzia. Mfugaji aliye ndani ya hifadhi hana njia hiyo. Hawezi kuinua ukuta pasipo kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, hata akiwa na mawe na nguvu na moyo. Kwake fedha ya Serikali haijazi pengo la jitihada zake. Ndiyo mlango pekee ulioachwa. Hatua chache zinazopita katika lango lile hazimfanyi mtoto kuwa wa nusu, wala mkopo ule hautalipwa na watu wa nje ya lango peke yao. Kodi ya ng'ombe auzwaye mnadani na mkazi wa hifadhini itaulipa pia.

Watu watauliza, Je, mwalimu mkuu akaidi amri? Hatusemi hivyo. Mtumishi apuuzaye barua za wakubwa wake ataiharibu kazi yote. Lakini kati ya kukaidi na kutia sahihi kimya kimya kuna nafasi pana. Wairaqw, Wadatoga na Wamaasai wote wanaijua desturi ya mtu kumweka ng'ombe wake kwa rafiki. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama si wake, na akija mtu kudai ng'ombe, mtunzaji huuliza, "Mwenyewe amesemaje?" Mwenye fedha ya shule hawezi kusema, kwa hiyo kamati ya shule imesemewe iwe mdomo wake. Iitwe. Isomewe barua. Iandike katika kumbukumbu zake ni watoto wangapi walikuwa darasani siku hiyo, na ijibu juu kwa heshima na kwa tarakimu. Kisha barua na majibu vibandikwe ubaoni pale pale panapobandikwa mapato. Mkubwa mwenye sababu njema haoni haya ya ubao.

Mambo ya Ngorongoro hayakuishia hapo. Tangazo la Serikali la tarehe 2 Agosti 2024 liliviondoa vijiji vya tarafa ile katika orodha ya maeneo ya utawala, na shule ya kijiji kisichoandikwa ni vigumu kujua itamlilia nani. Watu wakajitokeza barabarani kuanzia tarehe 18. Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha tangazo tarehe 22, na siku iliyofuata mjumbe wa Serikali akawaambia wananchi kwamba vijiji vyao vinarudi. Tarehe 1 Desemba mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alikutana mjini Arusha na viongozi wa Wamaasai, akaahidi tume mbili, moja ya mambo ya ardhi na moja ya kuchunguza kuhama kwa hiari. Kwa yeyote achunguzaye hiari hiyo, orodha ya waliokubali haitoshi. Na aitishe pia daftari za mahudhurio na za fedha za shule za tarafa ile tangu Machi 2022, aziweke kando ya orodha, na aangalie tarehe ipi ilitangulia.