Kelele Hii Ni ya Nani?

Kwa miezi mingi pikapu ya Papa mmoja jirani yetu hapa Nakivale ndiyo ilikuwa inatuamsha asubuhi. Si kwa honi. Ni injini yenyewe. Akiwasha tu, inapiga kra-kra-kra-kra kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo la maziwa, halafu baada ya sekunde mbili tatu inatulia. Watoto waliita kelele hiyo saa ya shule. Gari lenyewe ni Hilux ya zamani ya petroli, injini 22R, inabeba mahindi, ndizi, magodoro, wagonjwa, na siku ya mechi inabeba vijana wangu wa mpira.

Mimi kazi yangu ni vijana. Ufundi sijasomea, ila watano kati ya vijana wangu wanajifunza gereji chini ya mwembe, na ukikaa nao sana unaanza kusikia vitu. Siku moja mmoja wao aliniambia, "Yaya, ile kelele si ya baridi. Ni cheni ya taimingi. Siku moja itatuacha njiani, au itafanya kibaya kuliko hapo."

Akanichorea chini kwa kijiti. Ndani ya injini, mbele, kuna cheni inayotoka kwenye krenkishafti inapanda juu mpaka kwenye kamshafti. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, ndiyo valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati wake. Hiyo cheni inashikwa na reli mbili za plastiki pembeni, na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Asubuhi oili yote imeshuka chini, tenshena haina nguvu, cheni iliyochakaa inalegea na kuchapa. Oili ikifika, inanyamaza. Reli ya plastiki ikivunjika, cheni inaanza kuchapa kifuniko cha mbele, ambacho ni cha aluminiamu, na nyuma ya ukuta wa kifuniko hicho kuna njia ya maji ya rediyeta. Cheni inakata kama msumeno, pole pole. Siku ikitoboa, maji yanaingia kwenye oili na injini inakufa. Na cheni ikikatika au ikiruka meno mengi gari ikiwa mwendoni, pistoni inakutana na valvu.

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Kabla hajanichorea, mimi nilikuwa na kosa gani? Sina. Nilipanda kama wengine. Lakini Jumamosi iliyofuata, tayari nikiwa najua, nilipandisha vijana kumi na wanne nyuma ya ile gari tukaenda kucheza. Mechi ilishapangwa, gari nyingine hakuna, na mimi sikutaka kuonekana mtu wa maneno. Injini ilipiga kra-kra, vijana wakacheka, tukaenda. Tulirudi salama. Kurudi salama hakunisaidii kitu nikiwaza siku ile, kwa sababu usalama wetu haukutoka kwangu.

Kuna watu wanasema usiyoyajua hayakuhusu. Sawa, nakubali. Ila huwezi kurudi nyuma ukawa hujui tena. Kelele ilikuwa ya Papa mwenye gari, ikawa ya yule kijana alipoielewa, na aliponichorea ikawa yangu. Sikuipenda hiyo zawadi, nakwambia kweli.

Nilienda kumwona Papa jioni na heshima zote. Akanisikiliza, akanipa chai. Baada ya siku chache akaweka oili nzito. Mchana injini ikawa kimya kabisa. Asubuhi kelele ikabaki, tena ikarefuka kidogo, maana oili nzito inachelewa kufika kwenye tenshena. Papa akapata akili nyingine: alitaka kuuza gari, na kila mnunuzi akisema anakuja, anaiwasha nusu saa kabla. Mtu anafika, anaikuta imeshapata moto, anasikia injini laini kama cherehani.

Nilimuuliza. Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, nimesema nini cha uongo? Nimewasha gari yangu. Anayenunua ana masikio."

Jibu hilo lilinisumbua wiki nzima, kwa sababu sikupata neno la kumrudishia. Kweli hakusema kitu. Na mnunuzi kweli ana masikio. Tena Papa si mwizi. Ni mtu aliyekimbia na watoto sita, gari hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo nyumba yake. Sisi vijana tunapenda kusema ukweli kwa mali ya watu wengine, ukweli wa namna hiyo ni rahisi sana.

Lakini nikafika hapa. Kelele ya asubuhi ilikuwa ndiyo maneno ya ile gari. Gari haina mdomo mwingine. Mtu anayepanga saa ili mwenzake asisikie, huyo ameshasema, hata kama midomo yake imefungwa. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mara nyingi tunalitumia neno hilo kwa mtu mpole anayeficha hasira. Kwangu siku zile lilikuwa ni injini ile inayonguruma laini mbele ya mnunuzi.

(Wenzangu kazini wangetaka hapa niseme vijana nao ni kama cheni, wakipiga kelele msiwawekee oili nzito, na kadhalika. Sisemi. Kijana si cheni, na mimi nimeshachoka kusikia watu wakitufananisha na vyombo.)

Kilichobadilisha mambo si maneno yangu. Maji ya rediyeta yalianza kupungua bila kuvuja popote. Papa aliogopa. Mafundi wa Mbarara walimtajia bei, akakosa. Basi vijana watano wakasema, tutaifungua sisi. Fundi wao akakubali kuwaazima spana, ila akasema wazi: "Mkiiua, msinitaje."

Hapo kukawa na swali la pili: kijana asiye na cheti ana haki gani ya kufungua injini inayobeba watu? Niliwaza nikaona cheti si mlango wote. Nimeona wenye vyeti wakifunga vitu kwa haraka. Lakini pia huwezi kusema "sisi ni maskini, Mungu atatusaidia" halafu ukashika spana. Asiye na cheti anadaiwa zaidi, kwa sababu hakuna mtu aliyemwangalia kabla yetu. Kwa hiyo tulikubaliana, kila bolti inayotoka inawekwa kwenye katoni iliyotobolewa kwa mpangilio wake, na hakuna anayefanya kitu peke yake.

Siku ya pili ndiyo tulielewa kwa nini. Bolti zote za kifuniko zilikuwa zimetoka, lakini kifuniko hakitoki. Mmoja akachukua bisibisi kubwa na nyundo. Yule mdogo kuliko wote akamshika mkono. Mbele kabisa ya silinda hedi, chini ya gia ya kamshafti, kuna mahali oili inatuama kama kidimbwi. Akaikausha kwa kitambaa, na chini ya oili kulikuwa na bolti moja iliyojificha, inashuka mpaka kwenye kifuniko. Wangepiga nyundo wangekivunja. Kumbe ni bolti ambayo injini hizi zimewaponza nayo mafundi wengi.

Kifuniko kilipotoka tulinyamaza wote. Reli moja ilikuwa haipo, vipande vyake vilikuwa chini kwenye sampo. Na upande ule cheni ilikuwa imechimba mfereji ndani ya aluminiamu. Ungeingiza ukucha ukazama. Mahali pamoja palikuwa na tundu dogo kama la sindano, ndipo maji yalipokuwa yanapenya.

Tulinunua cheni, tenshena na reli mpya zilizoshikwa na chuma. Kifuniko kipya pesa ilikataa. Tukakipeleka kuchomelewa, kikajazwa, kikasuguliwa. Tukafunga cheni kwa alama zake: pistoni ya kwanza juu, kiungo cha kung'aa kwenye alama ya gia ya chini, kingine kwenye alama ya juu. Kabla ya kugusa stata, tukazungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya krenkishafti. Fundi alikuwa amewaambia: ikigoma mahali, usilazimishe, chuma kinakuambia kitu. Haikugoma. Kijana mmoja akapiga kelele kwamba viungo vya kung'aa vimehama, jasho likatutoka, mpaka tukakumbuka kwamba vile vinahama ukizungusha, alama za kwenye gia ndizo zinatakiwa zirudi. Zilikuwa zimerudi.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, Papa akawasha. Kimya. Mama mmoja akatoka nje kuuliza leo watoto hawaendi shule?

Ningependa habari iishie hapo. Lakini Papa bado alitaka kuuza, na sasa hakuwa na haja ya kupasha injini moto. Kimya chake safari hii kilikuwa cha kweli. Ila ndani, palipofungwa, kulikuwa na kifuniko kilichochomelewa, ambacho kinaweza kukaa miaka au kinaweza kuvuja, na hakuna mnunuzi anayeweza kukiona wala kukisikia. Zamani mtu mwenye masikio angeweza kujilinda kwa kuja alfajiri. Sisi, kwa kutengeneza vizuri, tulikuwa tumemwondolea hata hiyo njia.

Mnunuzi alikuja Jumapili, mtu wa Juru. Akasikiliza, akachomoa dipstiki, akanusa oili. Akauliza, "Hii imewahi kufunguliwa?" Papa aliniangalia mimi. Hakukunja uso wala hakunikonyeza, aliniangalia tu, na nilijua ananiomba nini. Nilimwambia yule mtu yote: cheni mpya, reli mpya, kifuniko kimechomelewa, waliofanya ni hawa vijana. Bei ikashuka. Si kidogo.

Papa alikaa miezi miwili bila kuitika salamu yangu. Mke wake aliniambia mbele za watu kwamba nilikula chai yao. Vijana nao walinilaumu, maana Papa aliwanyima pesa waliyoahidiwa, na mmoja alikuwa ameshaihesabu kwa ajili ya viatu vya mdogo wake. Hasara ya ukweli wangu waliilipa wengine, mimi sikutoa hata shilingi. Hilo sijalimaliza moyoni. Baadaye niliwalipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu, lakini Papa sikumlipa, na sidhani angepokea.

Wiki iliyopita nilipanda ile gari kwenda Juru. Mwenyewe mpya aliiwasha ikiwa baridi, ikaita mara moja, ikakubali. Nyuma alikuwa amekaa yule kijana mdogo wa bolti. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bodi, macho amefumba, watu wakidhani amelala, na kila tulipopanda mlima nilimwona anaacha kupumua kidogo, anasikiliza.