Uaminifu wa Chini ya Sinki

Je, kazi isiyoonekana na mtu inadai uaminifu uleule unaodaiwa na kazi itakayotazamwa na wote? Wengi wetu hujibu upesi kwamba ndiyo, lakini matendo yetu hujibu vingine. Namwomba msomaji ainame nami chini ya sinki la jikoni, lile la mabeseni mawili, moja la kuoshea vyombo na la pili la kusuuzia, tulitafute jibu huko.

Chini ya kila beseni huteremka bomba fupi. Mabomba hayo mawili huunganishwa kuwa moja, kisha maji hupita katika kipande kilichopinda ambacho mafundi hukiita trapu, ndipo yaelekee ukutani na kutoka kwenda kwenye chemba. Trapu moja yatosha mabeseni yote mawili. Katika pindo lake hubaki daima maji kidogo, aghalabu ya kina cha milimita 50 hadi 100, na maji hayo ndiyo mlango kati ya jiko na hewa ya maji taka. Maarifa haya si mageni. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, alipata hataza ya choo chenye bomba la kupinda hivyo mwaka 1775.

Sasa tutazame kishawishi cha fundi. Akiiacha trapu na kuunganisha bomba moja kwa moja, siku ya kukabidhi kazi maji yatateremka vizuri sana. Mwenye nyumba atafungulia maji, atayaona yakitoweka, atafurahi na kulipa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chini ya sinki kizuri hakionekani, na kibaya husifiwa. Kwa hiyo fundi mwaminifu hujitungia mtihani mgumu zaidi. Huziba mabeseni yote mawili, huyajaza, huyafungulia kwa pamoja, kisha hupitisha karatasi kavu katika kila kiungo. Hutega na sikio pia: bomba likikoroma mwishoni, yamkini maji ya trapu yamefyonzwa kwa kukosa njia ya hewa.

Fundi aweza kujitetea kwamba amelipwa kidogo. Utetezi huo si wa kupuuzwa, maana naye ana watoto wa kulisha. Malipo haba yanahalalisha sinki la bei nafuu, na hata kabati lisilopakwa rangi, kwa sababu hayo mwenye nyumba ameyaona na kuyakubali. Hayahalalishi trapu iliyoachwa. Atakayeumia hakuwapo kwenye mapatano: huenda ni mpangaji wa miaka kumi ijayo, au mtoto ambaye bado hajazaliwa. Watu wawili hawawezi kupatana bei ya haki ya mtu wa tatu.

Wala mtu asidhani kwamba neno lenyewe ni harufu tu. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 wa majengo ya Amoy Gardens waliambukizwa. Miongoni mwa sababu walizozitaja wachunguzi ni trapu za sakafu za bafuni zilizokuwa zimekauka, hata virusi vikapata njia ya kupanda kutoka mabomba ya maji taka hadi ndani ya nyumba. Simshtaki mtu kwa msiba ule. Nautaja ili tupime uzito wa maji machache yanapokosekana mahali pake.

Jibu langu basi ni hili. Uaminifu haupimwi kwa idadi ya mashahidi, bali kwa idadi ya watu watakaoitegemea kazi yetu bila kujua kwamba wanaitegemea. Na kadiri kazi inavyofichika, ndivyo deni lake linavyozidi, kwa kuwa anayeitegemea hana njia ya kujikinga. Kazi za namna hii ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mwalimu wa darasa la kwanza hatakuwapo siku mwanafunzi wake, akiwa mtu mzima, atakapoisoma hati ya shamba kabla ya kutia sahihi. Mtu yule atasoma sawasawa au atadhulumiwa, wala hatakumbuka ni nani aliyemfundisha herufi. Hilo halimpunguzii mwalimu wajibu hata chembe.