Kiasi cha Kutosha katika Kompyuta ya Gemu

Mtu mwenye kompyuta mpakato inayofanya kazi, akitaka nyingine yenye nguvu zaidi kwa ajili ya gemu na mfuko wake ni mdogo, hukabiliwa na swali la maadili kabla ya la ufundi: kiasi gani kinatosha? Mwenye duka hawezi kumjibia.

Al-Shatibi, mwanachuoni wa Granada aliyefariki mwaka 1388, aliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika, haja, ambazo zikikosekana watu hutaabika, na yale yanayoyapendezesha maisha. Gemu ni za daraja hili la tatu, na hilo si tusi, kwa maana daraja la tatu nalo ni maslahi. Thomas Aquinas, akimfuata Aristotle, alikwenda mbali zaidi: kwake akili huchoka kama mwili unavyochoka, mchezo ndio pumziko lake, na asiyecheza kabisa ana kasoro. Kwa hiyo kucheza hakuhitaji kuombewa radhi. Kinachohitaji kuchunguzwa ni matumizi.

Qurani, Sura ya Al-Furqan aya ya 67, inawasifu wanaotoa bila israfu wala ubahili. Pande zote mbili zinalaumiwa, na jambo hili husahaulika mara nyingi. Israfu haisomeki kwenye bei peke yake. Hujulikana kwa kulinganisha kitu na lengo lake, na lengo hapa ni gemu yenyewe inayochezwa. Chukua ThinkPad T480, kompyuta ya ofisini ya mwaka 2018, yenye RAM ya GB 8 katika kijiti kimoja na nafasi ya pili tupu. Picha zake huchorwa na kifaa kilichomo ndani ya prosesa, ambacho huazima RAM hiyohiyo. Kijiti cha pili kikichomekwa, data hupita njia mbili badala ya moja, na fremu kwa sekunde huongezeka. Kwa mchezaji wa Valorant, ambayo ni gemu nyepesi, hapo panaweza kutosha, na kununua mashine mpya kungekuwa kupita kiasi. Anayetaka Cyberpunk 2077 ana hali nyingine: gemu hiyo nzito kwa kawaida huhitaji kadi ya picha inayojitegemea, na katika kompyuta mpakato nyingi kadi haibadilishwi, kwa sababu imechomelewa kwenye ubao.

Ubahili nao una mitego yake. Kadi ya picha ya RTX 4050 ya kompyuta mpakato huwekewa kikomo cha umeme cha wati 35 hadi 115, hivyo mashine mbili zenye jina moja la kadi hupishana sana kwa kasi, na aliyetazama jina na bei tu hupata iliyobanwa. Kadi ya RTX 3050 ya kompyuta mpakato ya mwaka 2021 ilitoka na kumbukumbu ya GB 4, ambayo gemu nzito za sasa huijaza upesi. Mbaya zaidi ni RAM ya GB 8 iliyochomelewa bila nafasi ya nyongeza: mnunuzi ameokoa fedha leo ili anunue mara ya pili kesho, na hiyo ndiyo israfu aliyodhani ameikimbia.

Denis Diderot, katika karne ya 18, aliandika jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya samani zake zote zionekane chakavu, akazibadilisha moja baada ya nyingine. Kompyuta mpya huleta mfululizo uleule: kipanya, vipokea sauti, kisha skrini ya Hz 144, ambayo faida yake ni ndogo ikiwa kadi haivuki fremu 60 kwa sekunde.

Inabaki fedha. Katika fikihi, dharura huhalalisha kilichokatazwa, lakini kompyuta ya gemu haifiki daraja hilo, kwa hiyo mkopo wa riba, ambayo imekatazwa, hauna udhuru kwa ajili yake. Asiye na fedha taslimu husubiri, au hununua iliyotumika. Iliyotumika yafaa kupimwa kwa gemu nzito kwa nusu saa ikiwa kwenye umeme, kwa kuwa kasi inayoporomoka kadiri joto linavyopanda huonyesha feni zilizojaa vumbi au pasta ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, na kasoro hizo hurekebishika kwa gharama ndogo kuliko kadi iliyoungua.